Kozi ya mtaani, aplikesheni, redio au mtu wa kuongea naye: ipi itakutoa kwenye Kiingereza cha kuombea maji?

Naulizwa sana hili swali na wadogo zangu wa kazini, na juzi binamu yangu wa Tanga kanipigia usiku anataka kujua ajiunge na English course ya mjini kwao au hiyo hela anunue bando apakue aplikesheni, tukaongea mpaka salio lake likakata, nikampigia mimi, na bado hatukumaliza. Kwa hiyo nimeona niliandike lote kwa pamoja, maana jibu linatofautiana mtu na mtu, na wengi wanapoteza hela na miezi kwa sababu walifuata njia iliyomfaa jirani.

Mimi nimesoma shule za kawaida kabisa, msingi kila kitu Kiswahili, halafu unaingia Form One unakuta Biology, Geography, History zote zimegeuka Kiingereza, mwalimu anaandika ubaoni unakopi, unakariri, mtihani unapita au haupiti. Nikatoka Form Four na D ya English. Sasa hivi nina mwaka wa sita risepsheni kwenye hoteli ndogo pwani ya mashariki ya Unguja, kutwa nzima naongea na wageni, na hizi njia nitakazozitaja nimezipitia mwenyewe, nyingine kwa hela yangu, nyingine bure.

Kabla hujalinganisha chochote jua kwanza umekwama wapi. Chukua simu, washa ya kurekodi sauti, eleza kwa Kiingereza ulichofanya jana kuanzia ulipoamka mpaka ulipolala, dakika mbili tu, bila kuandika kwanza. Kisha jisikilize. Kama kila baada ya maneno matatu unasimama kwa sababu hujui kitu kinaitwaje, chujio unasemaje, foleni unasemaje, kudai chenji unasemaje, basi tatizo lako ni maneno. Kama maneno yanakuja ila yanagongana, "yesterday I am go to market and I buyed fish", hapo ni grama. Na kama ungepewa karatasi ungeiandika hiyo habari vizuri tu ila mdomo ndio umeganda na moyo unaenda mbio, basi tatizo ni mdomo, na hili la tatu ndilo letu wengi tuliopita sekondari. Tumekisoma miaka minne au sita bila kukiongea, kwa hiyo kipo kichwani kimelala.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: maneno na grama yapo bure au kwa hela ndogo sana, hela yako iweke kwenye mdomo.

Kozi ya mtaani na aplikesheni

Hizi ndizo mbili watu wanazopimana nazo sana. Kozi nililipa elfu thelathini kwa mwezi, miezi mitatu, saa kumi na moja jioni mpaka saa moja, tulikuwa kama arobaini kwenye chumba kimoja. Ticha alikuwa mtu mzuri na kazi yake anaijua, ila piga hesabu: masaa mawili ni dakika 120, toa nusu ya kuandika ubaoni na kukopi, zinabaki 60, zigawe kwa watu arobaini, kila mtu ana dakika moja na nusu ya kufungua mdomo, na wale watatu wanaojiamini wanaokaa mbele wanakula na za wenzao. Ndani ya miezi mitatu nadhani sikufikisha saa moja ya kuongea. Nilichokipata kule ni nidhamu, maana umeshalipa na unaona vibaya kukosa, na marafiki wawili ambao tulikuwa tunarudi nao kwa miguu tukijilazimisha Kiingereza njia nzima mpaka njia panda ya kwetu. Kile kipande cha barabara kilinisaidia kuliko darasa lenyewe.

Kwa hiyo kozi usiipime kwa bango wala kwa ahadi ya kumwaga ung'eng'e ndani ya miezi mitatu. Nenda omba ukae siku moja nyuma ya darasa uhesabu vitu viwili, wanafunzi wako wangapi na kati ya ticha na wanafunzi nani anaongea zaidi. Ukikuta darasa la watu nane au kumi, hata kama ada ni mara mbili, hiyo ndiyo ya kulipia. Ukikuta arobaini na ticha anahutubia, rudi nyumbani, hiyo kazi kitabu kinaifanya.

Aplikesheni nayo ina zuri lake. Nazungumzia Duolingo kwa sababu ndiyo wengi wanayo kwenye simu, ilifunguliwa kwa watu wote mwaka 2012 na mpaka leo unaitumia bure ukivumilia matangazo. Nguvu yake ni kukurudisha, dakika tano ukiwa kwenye daladala, dakika tano ukisubiri maji yachemke, inakuhesabia siku mfululizo na ukikaribia kuruka inakukumbusha mpaka unaifungua. Maneno yanajirudia mpaka yanakaa. Kwa mtu ambaye amekwama kwenye maneno na hana muda wa kukaa chini, inafaa.

Shida ni kwetu sisi tunaotoka kwenye Kiswahili. Nilipotafuta kozi ya Kiingereza inayoelezwa kwa Kiswahili sikuipata, nilichopata ni ya upande wa pili, Kiswahili kwa watu wanaojua Kiingereza, ambayo ilitoka 2017. Nikaifanya hiyohiyo kinyumenyume: inakuletea sentensi ya Kiswahili, wewe kazi yako ni kuitoa kwa Kiingereza, na ukisahau "the" au ukikosea mpangilio inakusahihisha. Inasaidia kweli, ijaribu. Ila sauti utakazosikia ni za Kiswahili, kwa hiyo sikio lako la Kiingereza halipati kitu. Ndugu zetu wa Lubumbashi, Bukavu na Bujumbura waliosomea Kifaransa wana nafuu hapa, wao wanaingia Kiingereza kwa mlango wa Kifaransa na wanapata kozi nzima na sauti zake.

Na hata iwe nzuri vipi, mara nyingi inakupangia maneno pale chini wewe uchague. Kaunta hakuna anayekupangia. Nilikuwa na siku zaidi ya mia moja mfululizo bila kuruka, nikijiona nimefika, akaja mgeni mmoja mama mtu mzima, akashika kiti kilichokuwa karibu na meza yangu akaniuliza "Do you mind if I sit here?" Nikamjibu "Yes, yes!" kwa uso wa furaha kabisa, nikimaanisha karibu, kaa. Akaniangalia, akasema sorry, akaenda kukaa nje juani. Nilikosa raha mpaka jioni mwenzangu mmoja aliyesomea Mombasa aliponieleza kwamba lile swali maana yake ni je, utakereka nikikaa hapa, kwa hiyo "yes" yangu ilikuwa inamfukuza. Unajibu "No, not at all" au "Please, go ahead". Na ndugu yake ni swali la kukanusha. Mgeni anasema "So you don't have a room tonight?" na sisi Kiswahili kinatufundisha kujibu ndiyo, hatuna. Ukisema "yes" mwenzako anaelewa chumba kipo, anashusha mabegi. Kiingereza kinataka "No, we don't". Haya mambo nimeyapata kwa kukosea mbele ya watu, aplikesheni haikunipa.

Grama: darasa au kitabu

Hapa sichelewi, kitabu. Kuna vile vya Cambridge vya kujisomea, chekundu cha wanaoanza na cha bluu cha wa kati, ukurasa wa kushoto maelezo, wa kulia mazoezi, majibu yapo nyuma. Mimi cha kwangu nilikipata kwenye meza ya vitabu vya mitumba, kimeandikwa penseli na mwenyewe wa kwanza, nikafuta nikaanza upya. Somo moja kwa siku, robo saa, na ukifika mwisho umepita njia yote ambayo kozi ya arobaini ingekupitisha kwa mwaka mzima.

Ila kile kitabu kimeandikwa kwa ajili ya dunia nzima, hakijui kwamba wewe unatoka kwenye Kiswahili, na sisi tuna mitego yetu ambayo Mfaransa au Mwarabu hana. Ukiijua mitego yako mapema unaokoa miezi, kwa hiyo niseme ile iliyonitesa mimi.

Wa kwanza ni "he" na "she". Sisi tuna "yeye" na "a-", mama anakuja, baba anakuja, yote sawa, kwa hiyo kichwa hakijazoea kuuliza ni mwanamke au mwanaume kabla ya kuongea. Sheria yenyewe unaijua, mtoto wa la tano anaijua, ila ukiongea haraka unasema "my mother, he is sick". Kitabu hakitibu hili. Kinachotibu ni kueleza kila siku habari ya mtu mmoja mwanamke, dada yako, bibi yako, jirani, dakika moja kwa sauti, mpaka "she" na "her" zinatoka zenyewe.

Wa pili ni "-me-". Tumefundishwa kwamba "nimeona" ni "I have seen" na "niliona" ni "I saw", na ni kweli kwa sehemu kubwa, lakini sisi kwenye mazungumzo tunasema "nimemwona jana" bila shida yoyote, na Kiingereza hakikubali "I have seen him yesterday". Ukishataja wakati uliokwisha, jana, wiki iliyopita, 2019, ile "have" inatoka, "I saw him yesterday". Halafu geuza upande wa pili, "nimechoka" hutasema "I have tired", ni "I am tired", na "amelala" ni "she is sleeping" au "she is asleep". Yani "-me-" yetu inabeba kazi mbili, ya jambo lililofanyika na ya hali mtu aliyonayo sasa hivi, Kiingereza kimezitenganisha. Mimi siku nilipolielewa hili nilihisi kama mtu amewasha taa, na hakuna ticha aliyewahi kuniambia.

Wa tatu ni vitenzi ambavyo kwetu vinatoka mzizi mmoja. Kumbuka na kumbusha, tunaongeza mnyambuliko tu, wao ni "remember" na "remind", kwa hiyo "remember me to call him" inachekesha, sema "remind me". Na kuazima, wewe ukiazima na ukiazimwa sisi tunazungushia neno lilelile, wao anayechukua ni "borrow" na anayetoa ni "lend". Hizi "a" na "the" sizielezi hapa, ni safari ndefu, soma kurasa zake kitabuni taratibu na usiumie zikikupiga chenga, mtu anaweza kukosea "the" na bado akaeleweka.

Huu wa nne ndio uliowahi kunigharimu. Saa. Mgeni alitaka taksi ya kwenda uwanja wa ndege "at seven", nikaitikia vizuri, nikachukua karatasi ya dereva nikaandika saa 7. Seven ya asubuhi ni saa moja yetu. Mgeni akakaa barazani na mabegi tangu saa moja asubuhi, dereva yuko kwake amelala anajua safari ni saa saba mchana. Tulipata gari nyingine kwa kukimbia na ndege akaiwahi, lakini nilimwona anavyotetemeka mikono akiangalia simu yake, na sijasahau. Tangu siku hiyo kwenye karatasi naandika kwa saa 24, 07:00, 13:00, na kwa mdomo narudia zote mbili, "seven in the morning", halafu kwa dereva "saa moja asubuhi". Kama unafanya kazi na wageni fanya hivyohivyo usitegemee kichwa.

Maneno: kukariri orodha au kuokota ya kazini kwako

Kuna watu wanakariri kamusi kuanzia A. Usifanye hivyo. Mwaka 1953 Michael West alitoa orodha ya maneno kama 2000 yanayotumika zaidi kwenye Kiingereza, na Oxford nao wana orodha yao ya 3000 ambayo kwenye kamusi zao za wanaojifunza inawekewa alama. Maana yake kuna maneno yanayorudi kila ukurasa na kuna mengine utakutana nayo mara moja kwa miaka miwili, anza na yale yanayorudi.

Kwenye kamusi zenyewe, ya TUKI ya Kiingereza-Kiswahili, iliyotoka mara ya kwanza 1996, ni nzuri ukitaka kujua neno kwa haraka, hili ni nini kwa Kiswahili, basi, umeelewa, unaendelea. Ile ya wanaojifunza, Kiingereza kwa Kiingereza, inachosha mwanzoni ila inakupa kitu ambacho ya lugha mbili haikupi, mfano wa sentensi na jinsi ya kulitamka. Mwezi wa kwanza tumia TUKI. Ukishaweza kusoma mfano ukaelewa bila kutafsiri, hamia ya pili, na zipo za bure kwenye mtandao.

Ila mimi kilichonisaidia zaidi ya orodha zote ni daftari dogo la mfukoni. Kila mgeni akisema kitu nisichokijua nakiandika kama alivyosema, sentensi nzima. Sikuandika "run out" ni kuisha, niliandika "We've run out of hot water". Sikuandika "settle" ni kulipa, niliandika "Can I settle the bill?" Kwa sababu siku maji ya moto yakiisha kweli, sentensi inatoka nzima haina haja ya kuijenga. Fundi gereji aandike ya gereji, nesi ya wodini, anayeuza vitambaa aandike ya mita na rangi na kupunguza bei. Maneno kumi kwa siku yanayotoka kwenye kazi yako yatakushika kuliko hamsini ya kwenye orodha.

Na kuna maneno yetu ambayo usiyatafutie pacha. "Pole" ni mojawapo. "Pole na kazi" ukiigeuza "sorry for work" mtu atashtuka afikirie kuna jambo limemkuta. Mtu aliyechoka mwambie "You must be tired" au "Long day?", aliyefiwa ndiye wa "I'm so sorry for your loss". Na "naomba maji" ukisema "I am asking for water" sio kosa la grama ila inasikika nzito, wao adabu wanaiweka kwenye "Could I have some water, please?" Sisi adabu ipo kwenye neno naomba na kwenye shikamoo, wao ipo kwenye "could" na "please", na ukizikosa hizo mbili wanakuona mkali wakati wewe hukuwa na nia hiyo.

Sikio: BBC au filamu

Filamu na YouTube watu wanazipenda, na mimi nazipenda, ila kwa anayeanza ni kama kumtupa mtu kwenye mkondo hajui kuogelea. Wanaongea haraka, wanakata maneno, unaishia kusoma maandishi ya chini na sikio linalala. Kwanza pitia pale ambapo wanakungoja.

BBC Learning English ipo tangu 1943, ni bure, na kile kipindi chao cha dakika sita nimekifuata mwaka mzima. Wawili wanaongea mada moja, wanauliza swali mwanzoni, wanakuchagulia maneno sita hivi na mwishoni wanayarudia, na maandishi yote yapo. Kwa bando ni nafuu, ukipakua sauti peke yake ni mb chache unasikiliza hata ukiwa huna mtandao. Nilivyofanya ni hivi, na ndivyo ninavyoshauri: mara ya kwanza sikiliza bila kusoma, mara ya pili ukisoma, mara ya tatu simamisha kila sentensi uirudie kwa sauti ukimwiga mpaka unapopanda na kushuka. Kama ule mwendo unakushinda, VOA ya Marekani walianza mwaka 1959 matangazo ya Kiingereza chepesi, maneno kama 1500 tu na wanasoma polepole, na ya zamani bado yanazunguka mtandaoni. Wiki tatu nne za hayo halafu ndio BBC, halafu ndio filamu.

Kuiga kwa sauti ni muhimu kwa sababu Kiswahili kina mkazo wake mahali pamoja, silabi ya pili kutoka mwisho, na tunaubeba huo mkazo kwenye kila kitu. Tunasema "komfotábo" na mgeni anakunja uso, wenyewe wanaimeza katikati, "kámftabo", mkazo mwanzo. "Hotel" mkazo upo mwisho. Na ile tabia yetu ya kufunga neno kwa irabu, "deski", "buku", "bedi", ukiiacha tu matamshi yako yanabadilika ndani ya wiki. Kwa wanaofanya kazi ufukweni, vuta ile i ya "beach" iwe ndefu, ukiikata inageuka tusi.

Mdomo: mtu au akili mnemba

Hapa ndipo nasema weka hela. Siku hizi unaweza kuongea na akili mnemba kwenye simu, kwa sauti kabisa, ukaiambia wewe ni mgeni mimi ni mhudumu, nilalamikie kuhusu chumba, na ikikusikia umekosea uiombe ikusahihishe. Uzuri wake haichoki, haikucheki, ipo saa nane ya usiku. Kwa mtu ambaye aibu imemshika koo ni mahali pazuri pa kuanzia, na nimewaanzishia wadogo zangu wawili kazini kwa njia hiyo. Kasoro yake inakuelewa kupita kiasi. Unasema kitu kimevunjika vunjika yenyewe inaunganisha inajibu, wewe unaona umeongea vizuri. Mgeni wa Scotland hakuungii, atakuambia "Sorry?" mara mbili halafu ataenda kumuuliza mwingine. Na uiambie waziwazi isikusifie, ikuoneshe kosa moja kubwa kila baada ya sentensi tano.

Mtu ana kitu ambacho mashine haina, uso. Ukiona uso wa mtu umebadilika unajifunza hapohapo, kama mimi na yule mama wa kiti. Mwalimu binafsi wa saa moja kwa wiki, watu wawili mkichanga, kwa mwezi haizidi sana ile ada ya kozi ya arobaini, lakini saa nzima mnaongea nyie. Mtafuteni mtu na mpatane masharti kabla: hakuna kuandika ubaoni, tunaongea, wewe unaandika makosa yetu kwenye karatasi, dakika kumi za mwisho unatuonesha. Sio lazima awe mzungu. Mwalimu wangu bora alikuwa mama mmoja mstaafu wa shule ya msingi, kwao Moshi, ambaye alikuwa ananisimamisha kila nikisema "he" kwa mwanamke kwa kugonga kalamu mezani, hasemi kitu, anagonga tu, nami narudi nyuma kusema upya. Baada ya miezi miwili nikawa naisikia ile kalamu hata nikiwa kaunta.

Kama hela hakuna kabisa, rafiki mmoja mnayekubaliana kwamba kuanzia saa fulani mpaka saa fulani Kiswahili hakuna. Mtafundishana makosa kidogo, ni kweli, ila mdomo utafunguka, na mdomo uliofunguka wenye makosa unarekebishika.

Nani achukue nini

Mtoto anayeingia Form One, kitabu chekundu na maneno ya masomo yake, miezi ile ya kusubiri matokeo ya la saba inatosha kuanza, kozi ya mtaani kwake sio mbaya kwa sababu ya nidhamu. Anayetafuta kazi ya hoteli au kwenda Muscat au Doha kufanya kazi, daftari la sentensi, BBC, na mtu wa kuongea naye, grama itafuata. Anayetaka IELTS, ule mtihani wa Kiingereza unaotakiwa na vyuo vingi vya nje, ni habari nyingine kabisa, una sehemu nne, kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea, alama mpaka 9, na matokeo yanatumika miaka miwili, kwa hiyo usiufanye mapema kabla hujajua unaomba wapi. Sehemu ya kuongea ni dakika 11 mpaka 14 uso kwa uso na mtahini, na nimeona watu wenye grama safi wakianguka hapo kwa kukosa mazoezi ya kuongea dakika mbili mfululizo bila kusimama. Huyo ndiye ambaye mwalimu binafsi hana mbadala.

Binamu yangu nilimwambia ajirekodi kwanza. Akajirekodi akanitumia, na nilichokisikia ni mtu mwenye maneno ya kutosha na woga mwingi. Kozi tumeiacha. Yeye na jirani yake wanachanga kumlipa kijana mmoja anayesoma chuo, Jumamosi saa nne asubuhi, na katikati ya wiki ananitumia sauti. Ya jana ilikuwa dakika moja na sekunde arobaini, anaeleza mama yake alivyokwenda soko la Mgandini kununua dagaa, na ndani yake amesema "he" mara mbili na "she" mara sita. Wiki iliyopita zote zilikuwa "he".